Kobe Hana Nyumba

Watu hupenda kusema kobe hana shida ya keja, anatembea nayo. Nimeisikia kwenye matatu, nimeisikia kwa wachekeshaji, na kila landilodi wanapoanza kutuma zile meseji za "kuanzia mwezi ujao kodi itakuwa", kuna rafiki yangu mmoja ambaye lazima aturushie picha ya kobe kwenye grupu na maneno, "Huyu jamaa alijipanga."

Si kweli. Gamba la kobe si nyumba. Ni mbavu zake na uti wake wa mgongo, mifupa iliyopanuka na kuungana ikawa kitu kimoja, juu yake pakawa na vigae vya kitu kama kucha. Hawezi kutoka humo, kama wewe usivyoweza kutoka ndani ya kifua chako. Ukimgusa gamba anasikia. Wale wanaolitoboa kwa drili ili wapitishe waya wamfunge kwenye mti wanatoboa mfupa ulio hai. Na kwa kuwa mbavu zake zimeshikana haziwezi kupanuka, hata kuvuta pumzi ni kazi anayoifanya kwa misuli ya ndani. Kwa hivyo tukikaa chini tuhesabu mali, kobe ana mwili tu, kama mimi na wewe. Mvua ikinyesha anatafuta pa kujisitiri. Jua likiwaka, vilevile. Nyumba hana.

Haya nimeyajua kwa sababu mwaka huu nilimjengea mmoja makao, nyuma ya nyumba ya mama yangu huko Kitengela.

Anaitwa Spika. Jina alipewa na guka, baba yake mama, aliyempata mwaka wa 1984, ule mwaka wa ukame, kando ya shamba lake huko Rumuruti, Laikipia. Wakati huo alikuwa mkubwa kama bakuli la uji. Nyasi zilikuwa zimeisha. Guka akamtilia maji kwenye kifuniko cha sufuria, akanywa, na hakuondoka tena. Kuna ule msemo kwamba ukimwona kobe ameinama, ujue anatunga sheria. Guka alimwona huyu ameinama asubuhi, akamkuta ameinama jioni, akasema huyo si mbunge wa kawaida.

Wengi wetu kobe tunayemjua kwa jina ni Mzee wa Haller Park, Mombasa, yule aliyefanya urafiki na Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baharini karibu na Malindi wakati wa tsunami ya Desemba 2004. Mzee ni wa aina nyingine, yale makobe makubwa ya visiwa vya Aldabra huko Ushelisheli. Spika ni mwenyeji. Ni wa ile aina yenye gamba la manjano na madoa meusi kama ya chui, inayoishi kwenye nyika kavu kuanzia Pembe ya Afrika mpaka Afrika Kusini. Ukiingia Mbuga ya Nairobi baada ya mvua unaweza kukutana naye akivuka barabara bila haraka yoyote. Akitunzwa vizuri anapita miaka 50 bila taabu. Maana yake ni kwamba ukimfuga, kuna uwezekano mkubwa kwamba kuna mtu atamrithi kutoka kwako.

Guka alifariki mwaka wa 2022. Shosho alikuwa ametangulia. Waliacha watoto wanne, wajomba zangu watatu na mama, ambaye ndiye kitinda mimba, pamoja na ekari 12. Kwenye kikao cha familia hesabu ilifanywa haraka sana: kumi na mbili gawa kwa tatu, nne nne. Mjomba mkubwa alieleza kwamba mama "ana kwake". Kwake ni hiyo ploti ya 50 kwa 100 ya Kitengela, aliyoinunua kwa mkopo wa Sacco akiwa mwalimu wa shule ya msingi, akalipa mpaka akastaafu. Halafu mjomba mwingine akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi, "Na yeye achukue kobe. Si ndiye alimtafutia makaratasi?"

Watu wakacheka. Mama naye akacheka, au tuseme alionyesha meno.

Kuhusu makaratasi alikuwa amesema kweli. Kobe ni mnyamapori. Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka wa 2013 haijali kwamba umemlea tangu akiwa kama bakuli. Kumweka nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, ni kosa. Mama, ambaye hajawahi kuona fomu akaiacha bila kuijaza, ndiye aliyeenda ofisini akamwombea guka kibali. Guka alikikunja akakiweka ndani ya Biblia. Lakini kibali kilikuwa cha guka, na guka hayupo. Mama alipaswa kuomba kingine kwa jina lake na kwa mahali pengine.

(Na hapa nitoe tangazo. Ukikutana na kobe barabarani, usimpeleke nyumbani. Mvushe, upande ule ule aliokuwa anaelekea, uendelee na safari yako.)

Afisa aliyekuja Kitengela kukagua alikuwa kijana wa rika langu, mpole, na tepu mfukoni. Alizunguka ua wote, akatazama mwembe mmoja wa mama, kamba za nguo, ukuta wa jirani. Akauliza, "Mwalimu, atakaa wapi?"

Mama akaonyesha kwa mkono. "Hapa. Kote."

"Kote si mahali, mwalimu."

Akatuorodheshea kwa vidole: mahali ambapo hawezi kutoroka na mbwa hawezi kuingia, kivuli, maji, pa kulala pakavu, na nyasi za kutosha kula. Akasema atarudi. Tulikuwa mwezi wa kwanza. Masika huanza mwezi wa tatu, na huko Rumuruti tayari kulikuwa na mnunuzi aliyetoa arubuni kwa wajomba na kusema ikifika Aprili anaweka fensi. Spika alikuwa angali kule, chini ya ule mti wake, akilishwa na jirani.

Mimi ndiye niliyesema nitajenga. Sijawahi kujenga kitu. Naishi Kasarani, nafanya kazi ya kuandika manukuu ya filamu mtandaoni, na katika miaka minane nimehama mara sita. Nyumba ninayoishi sasa hairuhusiwi hata kupigilia msumari ukutani. Picha ya guka imeegemezwa juu ya friji. Kwa hivyo Ijumaa jioni nilipanda matatu ya Kitengela na daftari, na nikaendelea hivyo kwa wiki saba.

Tulianza kwa kubishana kuhusu nafasi. Upande wa nyuma wa ploti mama alikuwa ameutengea bedsita sita. Ndiyo pensheni yake ya kweli, kwa sababu ile nyingine inalipa umeme na dawa za presha tu. Nilipima futi 20 kwa 30 kwenye kona ya mashariki, nikachomeka vijiti na kamba. Mama alisimama akaitazama ile kamba kwa muda mrefu.

"Hapo umekula bedsita mbili," akasema.

"Tunaweza kupunguza."

"Nimesema tupunguze?" Akaingia ndani.

Fundi tuliyempata alikuwa mzee mzoefu, na alikuwa na msimamo kuhusu kila kitu. Alitaka tuweke waya wa seng'enge, kazi ya siku moja, tumalize. Nikamweleza nilichosoma na nilichoambiwa na daktari wa mifugo: kobe akiona ng'ambo, anataka kwenda ng'ambo. Haelewi waya. Atatembea kando yake kutwa akisukuma, atajikwaruza pua, atachomeka mguu ukwame. Ukimwekea ukuta asioweza kuona kupitia, baada ya siku chache anauzunguka, anaukubali, anaanza maisha. Fundi akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Hata watu ni hivyo tu," na tukaagiza mawe ya mashine kutoka Ndarugo.

Ukuta haukuhitaji kuwa mrefu. Aina hii si wachimbaji. Wale wa Sahara ndio huchimba mashimo marefu ya kuishi. Porini huyu wa kwetu hujibanza kwenye shimo lililoachwa na mbweha au muhanga. Tuliweka kozi moja ya mawe chini ya ardhi na tatu juu, yaani zaidi kidogo ya futi mbili, mtu anapita kwa kuruka mguu na hakuna haja ya geti. Tatizo lilikuwa udongo. Kama umewahi kutembea Kitengela siku ya mvua unaujua, ule mweusi unaopanda na kiatu mpaka unaongezeka kimo. Ukilowa unavimba, ukikauka unapasuka, na ukuta ulioegemea juu yake hupasuka pamoja nao. Ilibidi tuchimbe mtaro mpaka tufike kwenye murram, karibu futi mbili u nusu. Mimi na mtu wa mkono tulichimba siku mbili. Jumatatu nilishindwa kuandika manukuu, vidole havikunji.

Halafu kona. Nilimwambia fundi hatutaki kona.

"Siste, ukuta una kona."

"Huu uzungushe."

Kobe akifika kwenye kona hageuki, husukuma. Akisukuma sana hupanda, na akipanda anaweza kuanguka chali. Akilala chali juani bila mtu wa kumgeuza anaweza kufa kwa joto. Kwa hivyo kila kona ilipaswa kuwa upinde. Mawe ya mashine yana pembe nne na hayapendi upinde. Fundi aliyachonga kwa nyundo moja baada ya jingine, akilalamika, na alipomaliza ya kwanza akarudi nyuma hatua tatu, akaifumba jicho moja, akaitana na mtu wa mkono aje aone.

Kibanda tulikijenga kwa mabaki ya mawe, futi nne kwa tatu, kimo cha magoti. Sakafu tuliinua kwa kokoto na murram ili maji yapite chini. Mabati peke yake yangekuwa tanuri mchana na friji usiku, kwa hivyo chini yake tukapiga mbao na juu yake tukamwaga udongo, tukapanda nyasi. Mlango ukaangalia jua linakochomoza, maana huyu mnyama hana moto wake mwilini. Asubuhi lazima aotee jua ndipo aweze kula na kusaga alichokula. Beseni la maji tukalichimbia chini mpaka mdomo wake ukawa sawa na ardhi, lenye kina kifupi, aingie na atoke bila kuzama.

Chakula ndicho kilikuwa rahisi. Huyu ni mla nyasi. Tulipanda nyasi za Kikuyu na kuacha magugu yaote, na nikaleta vipande vya dungusi kakati, ule mmea wa miiba ulioivamia Laikipia, kwa sababu anaupenda. Ugali, mkate, chakula cha mbwa, hapana. Vyakula hivyo humharibu polepole, na kwa kobe polepole ni miaka kumi. Tulichohangaika nacho ni kuondoa. Jirani ana ua wa mnyaa, ile kariaria yenye maziwa yanayochoma macho, na matawi yalikuwa yanaangukia upande wetu. Mama alienda kuongea naye mwenyewe. Alirudi na ruhusa ya kukata, na papai.

Katika wiki zote hizo mama hakusema neno kuhusu Rumuruti. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake mpaka nikachoka. Wajomba walikuwa wamemletea fomu ya kukubali ule mgao, aweke sahihi tu, na fomu ilikuwa mezani chini ya kitabu cha nyimbo. Nikimgusia, ananiambia chai imepoa. Jioni alikaa kwenye ile meza, miwani puani, kichwa chini, anaandika na kufuta. Nilidhani ni hesabu za bedsita.

Jumamosi moja alitoka na kikombe, akasimama ukutani tulipokuwa tunapiga plasta.

"Mami, hebu nipigie hesabu. Ekari moja ina futi ngapi za mraba?"

Nikaangalia kwenye simu. "Elfu arubaini na tatu, mia tano sitini."

"Na hapa pa Spika?"

"Mia sita."

Akanywa chai. "Kwa hivyo mimi nimempa kobe mia sita, na baba yangu amenipa sufuri."

"Guka hakukupa sufuri," nikasema. "Wajomba ndio walikupa."

Alinitazama kana kwamba nimejibu swali lingine, ambalo hakuwa ameliuliza kwa sauti.

Makao yaliisha wiki ya mwisho ya Februari. Afisa alirudi, akapima, akaruka ukuta akaingia, akalala kifudifudi achungulie ndani ya kibanda. Kibali kilitoka, na cha kumsafirisha pia. Aliyejitolea kumleta ni binamu yangu, mtoto wa mjomba mkubwa, kwa Probox yake. Hakuna aliyemwomba. Alimpigia mama simu tu: "Tata, nitamleta mimi." Kutoka Rumuruti mpaka Kitengela, Spika ndani ya sanduku la mbao lenye matundu na nyasi kavu, na binamu anasema hakuthubutu kupita kilomita 60 kwa saa.

Tulimshusha kama watu wanaoshusha televisheni. Daktari wa mifugo alikuwepo kumkagua: kilo 11, sentimita 40, macho safi, pua kavu. Akamwinua taratibu, akamwegemeza ubavu, akatazama tumbo na mkia. Akatabasamu.

"Mlisema anaitwa nani?"

"Spika."

"Wa kike. Dume lina mkia mrefu, na tumbo limebonyea kidogo. Huyu ni bapa kabisa."

Tulikaa kimya. Miaka arubaini. Kiswahili kilikuwa kimetuficha muda wote huo, maana "yeye" ni yeye tu, na "amekula" ni amekula; hakuna mahali lugha ilitulazimisha kuuliza. Lakini sote vichwani mwetu tulikuwa na mzee wa kiume, mwenye kipara na rungu la bunge.

Mama ndiye aliyevunja kimya. Alicheka, safari hii kwa tumbo, mpaka akashika ukuta.

"Basi hata yeye wasingempa shamba," akasema.

Binamu aliangalia chini. Halafu naye akacheka, lakini si sana.

Tulilazimika kuongeza kitu kwenye ujenzi. Jike hutaga hata kama hana dume. Mayai hayo hayaanguliwi, lakini lazima yatoke, na asipopata pa kuyaweka anaweza kuyazuia ndani akaugua. Huchimba kwa miguu ya nyuma, akilowanisha udongo kwa mkojo wake mwenyewe. Udongo wetu ukikauka ni tofali. Kwa hivyo wiki iliyofuata nilileta mchanga kwa wilbaro, nikauchanganya na udongo mwekundu, nikajenga kilima kidogo upande unaopata jua zaidi. Daktari aliniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria: kwa kobe hawa, joto la udongo ambamo yai limelala ndilo huamua kama mtoto atakuwa wa kike au wa kiume. Mama mmoja, kiota kimoja. Tofauti ni jinsi jua lilivyopiga hapo.

Siku tatu za kwanza Spika alizunguka ukuta, bega kwenye mawe, kama mtu anayekagua nyumba kabla ya kulipa depositi. Kwenye pinde za fundi aligeuka bila kujua kwamba amegeuzwa. Siku ya nne alisimama katikati, akararua nyasi, akatafuna, jua mgongoni. Siku ya tano mama alinipigia simu asubuhi kunieleza kwamba amelala kwenye kibanda bila kuingizwa na mtu.

Kisha akasema, bila kubadilisha sauti, "Na kesho naenda mahakamani."

Yale aliyokuwa akiandika na kufuta hayakuwa hesabu za bedsita. Mama alikuwa amesoma Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kifungu kwa kifungu, kama alivyokuwa akitayarisha somo. Sheria hiyo inasema watoto. Haisemi wana, haisemi ambao hawajaolewa, haisemi ambao hawana kwao. Mzazi akifa bila wosia na mwenzake hayupo, mali yake inagawiwa watoto sawasawa. Na inasema pia kwamba ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha mgao. Ile arubuni ya mnunuzi ilikuwa inaelea hewani. Ile fomu ya kukubali mgao, mama hakuitia sahihi, na hakuichana. Aliipeleka mahakamani pamoja na hati yake ya kiapo ya kupinga, ikiwa safi kabisa, nafasi ya jina lake ikiwa tupu.

Nilimuuliza kwa nini alingoja. Kwa nini hakusema siku ile ya kikao, mbele ya watu wote waliocheka.

"Siku ile nilikuwa na nini?" akasema. "Nilikuwa na hasira tu. Hasira huipeleki kwa hakimu." Nikasikia anahamisha simu sikio jingine. "Na nilitaka kwanza kobe atoke huko. Wangeweza kumwambia mtu amtupe popote, halafu waseme alitoroka. Sasa yuko kwangu, kwa jina langu, na kibali kiko ndani ya Biblia. Wacha sasa tuongee."

Haijawa rahisi. Mjomba mkubwa hapokei simu zake. Shangazi mmoja wa kanisani alimtembelea kumweleza kwamba ardhi hugawanya familia, mama akamjibu kwamba ekari 12 ndizo zinazogawanywa, familia ni wao wanaoigawanya, akamwekea chai nyingine. Binamu wa Probox ametuma meseji moja tu tangu hapo: "Spika anakula?" Nikamtumia video. Akaweka moyo.

Masika yalikuja kwa nguvu. Nilishinda huko wikendi ya kwanza ya mvua, na saa tisa usiku nikatoka na tochi ya simu na gambuti za mama. Ua wote ulikuwa ziwa la udongo mweusi. Niliruka ukuta, nikainama mlangoni kwa kibanda, nikaingiza mkono chini ya nyasi. Sakafu ilikuwa kavu. Spika alikuwa amerudisha kichwa ndani, anapumua kwa ile kazi yake ya polepole. Ufa mmoja mwembamba umetokea kwenye upinde wa kaskazini. Fundi anasema ni wa plasta tu, mawe hayajasonga.

Plani ya bedsita imechorwa upya. Zimebaki nne, na dirisha la moja litakuwa linaangalia kwa Spika. Mama anasema hiyo ataongeza kodi kidogo. Kwenye fomu ya kibali kuna sehemu ya mtu wa kumwangalia mnyama endapo mwenyewe hayupo, na mama aliandika jina langu bila kuniuliza. Nikihesabu, nikifika umri wa mama, Spika atakuwa anakula nyasi bado. Mimi ningali Kasarani, picha ya guka ingali juu ya friji.

Kesi imepangwa kusikizwa mwezi wa saba. Kitengela mwezi huo kuna baridi ya kukaza vidole, na upepo unatoka upande ule ule mlango wa kibanda unakoangalia. Fundi ameahidi kuja Jumamosi na mbao nzito tutengeneze kifuniko cha usiku. Nimemwambia asije bila bawaba.